Nilimwomba Aniwashie Gari, Akaliosha Siku Kumi na Nne

Mpendwa mshauri Bi Nkatha,

Naomba msaada, na nakuomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu waliocheka mapema ndio walioniponza, na wa kwanza kucheka nilikuwa mimi mwenyewe.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na mmoja, nakaa hapa Auburn, Sydney, na mke wangu Léonie, ghorofa ya tatu, na safu yako naisoma kila wiki, zamani kwenye karatasi pale duka la mchele na siku hizi za kufungiwa kwenye simu, na nimezoea kuwasoma wanaolia juu ya wakwe na wachumba huku nikitikisa kichwa na kusema watu hawa akili zao ziko wapi, kumbe zamu yangu ilikuwa njiani.

Nianze na gari, maana bila gari hutaelewa. Nina Peugeot 504 ya mwaka 1977, rangi ya maziwa, gia zake ziko kwenye usukani, niliipata Villawood miaka kumi na miwili iliyopita kwa mjane wa Kiitaliano ambaye alilia nilipokuwa naiondoa uani kwake. Uvira, kabla ya vita vya 1996, nilikuwa mwalimu wa Kiswahili na Kifaransa, na mkuu wa shule yetu alikuwa na 504 kama hii, nami nikitembea kwa miguu katika vumbi lake nilijiambia, siku moja. Hiyo siku moja ilinikuta huku, baada ya miaka sita ya kambi kule Kigoma, na sioni aibu kusema kwamba asubuhi nyingine nashuka chini, nakaa ndani ya gari bila kwenda popote, nanusa viti vyake, kisha narudi juu kunywa chai.

Tuko arobaini na saba katika kikundi chetu cha WhatsApp cha wapenda magari ya zamani, Wakongo, Warundi, Wakenya, na Watanzania wawili wanaotusahihisha sote. Wewe ni mwenzetu, unajua kwamba baridi ya Sydney haiui mtu, ila inaua betri. Kila Julai kilio ni kile kile: ukungu umekaa ndani ya vioo, vipangusio vimegandamana na kioo, injini inakohoa kama mvuta tumbaku, na rafiki yangu Balagizi, mwenye Datsun, mwaka juzi alikuta kioo chake kina barafu akakimwagia chai ya moto iliyokuwa mkononi, kikapasuka kutoka pembe hadi pembe, na mpaka leo tunamwita Balagizi Chai. Zamani tulikutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi kwenye uwanja wa maegesho, boneti juu, chupa za chai juu ya bampa. Mwaka huu tulipofungiwa tangu mwisho wa Juni, na baadaye sisi wa Auburn tukakatazwa kuvuka kilomita tano, Balagizi akabuni mchezo: kila Jumamosi alasiri tunaingia Zoom, kamera zote zinazimwa, mmoja anaweka simu juu ya boneti na kuwasha injini, na wengine tunakisia ni gari gani na ni la nani. Bi Nkatha, mimi sijawahi kukosa. Nilimtambua mwenzetu Rufus hata siku alipoazima gari la shemeji yake ili anitege. Wananiita Sikio, na jina hilo, nakiri, nimelipenda kuliko inavyompasa mtu wa umri wangu.

Sasa mwanangu. Destin ni kitindamimba wetu, alizaliwa kambini, alifika hapa ana miaka mitano na leo ana ishirini na nne. Anafanya kazi kwenye ghala huko Villawood, anakaa Berala na mkewe Déborah, na ana Subaru ya buluu yenye eksozi pana kama sufuria ya ubwabwa. Anapenda magari kama mimi, ila yeye anapenda yale yanayopiga kelele. Kiswahili alikuwa akikisikia chote na kujibu kwa Kiingereza, kama watoto wetu karibu wote wa huku. Lakini mwezi wa pili mwaka huu, walipokuja kutuambia kwamba Déborah ni mjamzito, Destin alinivuta jikoni akaniambia, "Baba, I want the baby to have it." Nikamwuliza, awe na nini? Akasema, "Kiswahili. Nisahihishe." Nimepewa vyeti katika maisha yangu, vingine nimevibeba kwenye mfuko wa plastiki kupita mipaka miwili, na hakuna hata kimoja kilichonifurahisha kama neno lile "nisahihishe". Basi nikamsahihisha. Labda nilizidisha. Nilipiga marufuku kustati na kudemarer, ile kustati ya Kifaransa, na kupaki nyumbani kwangu, nikamwambia Kiswahili kina neno lake kwa kila kitu, alitafute, maana mwalimu hastaafu hata akistaafishwa.

Mwanzoni mwa Agosti tukapokea ujumbe kwamba mimi na Léonie tulikuwa duka la dawa wakati mmoja na mtu aliyekuwa na Corona, hivyo tusitoke mlangoni siku kumi na nne. Vipimo vyetu vilikuwa safi lakini siku ni siku. Gari liko chini, nyuma ya jengo, na dirisha letu haliangalii huko, linaangalia reli. Betri yangu si changa, na gari la namna ile ukiliacha wiki mbili kwenye baridi bila kuliwasha, halikungojei. Basi nikamwandikia Destin: "Mwanangu, tafadhali uniwashie gari kila asubuhi, dakika kumi na tano. Funguo ziko ndani ya kiatu changu hapo nje." Nikausoma ujumbe mara mbili kabla ya kuutuma, nikaridhika. Kiswahili safi.

Kesho yake, saa kumi na moja na nusu alfajiri, kabla hajaenda kazini, alituachia mkate na maziwa mlangoni akashuka. Nikasikia injini. Nikatazama saa. Dakika kumi na tano kamili. Nikamwambia Léonie, "Unasikia? Anafanya vizuri." Léonie akasema, "Mbona 504 yako imepata kifua?" Nikamweleza kwamba baridi huipa injini sauti nzito, na kwamba mambo ya injini aniachie mimi. Ikawa hivyo kila siku, na kila siku Destin alinitumia sauti kwenye simu: "Jambo Baba, nimewasha gari, fifteen minutes." Au ndivyo nilivyosikia, kwa sababu ile "a" ya mwisho Waaustralia wameimeza. Nikimwuliza likoje, alijibu, "Nzuri sana, kama mpya." Nikampongeza. Siku ya tisa hata nilimwambia ana mkono wa fundi.

Siku ya kumi na tano tukashuka na barakoa zetu, Léonie ana miadi ya chanjo ya pili saa tatu. Bi Nkatha, gari liling'aa. Sijawahi kuliona hivyo tangu nililipata. Vikombe vya magurudumu ungeweza kunyoa ndevu mbele yake, mifereji ya milango ilisuguliwa kwa mswaki, na juu ya dashibodi, kwenye karatasi ya tishu, kulikuwa na hereni ya Léonie iliyopotea miaka saba iliyopita chini ya kiti. Nikaingia, nikavuta choki, nikazungusha ufunguo. Likasema "tik". Mara moja tu. Léonie akaitazama hereni yake, akalitazama gari, akasema, "Limekufa, lakini angalau limeshaoshwa." Tukaita teksi.

Jioni nikampigia Destin.

"Mwanangu, ulikuwa unawasha gari?"

"Every day, Baba. Siku kumi na nne."

"Mbona betri imekufa?"

"Betri? Betri inaingiaje? Mimi ni-li-wash. Na sabuni. Na sponji."

Nikauliza swali ambalo nilikuwa naliogopa. "Na injini niliyokuwa naisikia?"

"Oh, that's mine. Kulikuwa giza, Baba. Nilikuwa naacha Subaru on, for the lights."

"Na hukuona ajabu kuosha gari lisilotoka, kila siku, na baridi hii?"

"Nilifikiri ni Covid thing. Nilipaka hata sanitiser kwenye door handles. And honestly, Baba, you're weird about that car."

"Kwa nini hukuniuliza?"

"Because kila nikiuliza neno moja, unanipa lesson."

Bi Nkatha, sentensi hiyo ilinipita kama treni isiyosimama Auburn. Sikuishika kabisa, kwa sababu tayari nilikuwa nimeanza kucheka, nikacheka mpaka Léonie akaniletea maji, na Destin naye alicheka kidogo upande wake. Na kabla maji hayajaisha nilikuwa nimeshika simu nikiwatumia kikundi sauti ya dakika nne, nikiigiza lafudhi ya mwanangu, "ni-li-wash, Baba, na sabuni". Watu arobaini na saba wakafa kwa kicheko. Balagizi Chai akatengeneza kibandiko cha picha, Destin na ndoo kichwani. Siku mbili baadaye kibandiko kikawa kimefika kwaya ya kanisa letu, na Jumapili kwenye ibada ya Zoom mtu mmoja akaandika, "Tumkaribishe Ndugu Ndoo atuongoze kwa maombi." Destin alikuwepo na mkewe. Nikaona dirisha lao likigeuka jeusi.

Tangu siku hiyo ni wiki mbili. Anatuletea vitu kama kawaida, hajakosa hata siku moja, lakini ujumbe wake ni huu: "Hi Dad. Shopping's at the door. All good." Dad, si Baba tena. Miaka kumi na tisa katika nchi hii imenifunza kwamba "all good" ni namna yao ya kufunga mlango taratibu. Déborah amemnong'onezea Léonie kwamba vile vikaratasi alivyokuwa amebandika jikoni, jokofu, kijiko, dirisha, amevibandua vyote. Na jana alipotupigia kwa video amwonyeshe mama yake tumbo la Déborah, Léonie aliona mikono yake, imepasuka vifundoni kwa sabuni na maji ya alfajiri. Mtoto anazaliwa mwezi ujao.

Baba yangu hakuwahi kuniomba radhi kwa mdomo. Akinikosea, wakati wa chakula cha usiku aliniwekea mimi samaki, mkebuka mkubwa kuliko wote, nami nikaelewa, tukaendelea kuishi. Basi nami nimempikisha Léonie samaki mkubwa, tukampelekea Destin mpaka mlangoni kwake. Akajibu, "Thanks Dad, yum." Samaki hakufasirika.

Swali langu ni hili: ninyamaze, nikitumaini yatapita mtoto akizaliwa, au niseme? Na nikisema, niseme kwa Kiswahili, ambacho sasa kinamuuma, au kwa Kiingereza changu, ambacho kinanifanya nijione mwanafunzi wa darasa la pili? Kuna jambo moja pia sijamwambia mtu. Katika ile sauti ya dakika nne niliwaambia kikundi yote, ila sikuwaambia kwamba siku kumi na nne Sikio alisikiliza Subaru akaisifu kuwa Peugeot.

Tafadhali lifiche jina langu.

Mwenye kutafuta maneno mawili, Auburn

*

Mzee wangu, shikamoo. Nimekuamkia vizuri, sasa nipe ruhusa nikukaripie.

Umemtaja mkeo, mwanao, mkwe wako, rafiki yako na chai yake, umetaja mtaa, ghorofa, mwaka wa gari na rangi yake, kisha ukaniomba nifiche jina lako. Nimelificha. Ni sawa na mtu kujificha nyuma ya mwanzi. Lakini nilipofika kwenye mstari ule niliweka kalamu chini nikaenda kusimama jikoni, kwa sababu niliona kidonda chako chote hapo. Wewe, mtu mzima, unaogopa wasomaji wa safu hii wasikucheke. Na jina la mwanao uliwapa watu arobaini na saba kabla hujamaliza glasi ya maji.

Umekosea wapi? Si katika kucheka. Kisa kinachekesha, mimi mwenyewe nimecheka mpaka mume wangu Kinuthia akapunguza redio kuuliza kuna nini, na hilo la marehemu aliyeoshwa, mpe Léonie salamu zangu za heshima. Umekosea kwa kuwasimulia nusu. Katika kisa hiki kuna watu wawili waliosikia vibaya. Mmoja alisoma "uniwashie" akasikia "wash", neno la nchi aliyokulia. Mwingine ameishi na injini yake miaka kumi na miwili, akasikia ya Subaru akasema ni baridi. Wa kwanza ulimvika ndoo, wa pili bado anaitwa Sikio. Uliona pia tofauti ya Balagizi, ingawa hukuiandika: nina hakika ile hadithi ya chai aliisimulia yeye mwenyewe, na ndiyo maana jina la Chai analibeba kama kofia nzuri. Jina la utani ulilojipa mwenyewe halikwaruzi. Ulilopewa na baba yako mbele ya kwaya linakwaruza.

Na hilo neno lako safi, mwalimu! Kuwasha ni moto, ni taa, ni injini, na hata ni upele. Mshukuru Mungu hakuja alfajiri kulikuna gari. Ulipiga marufuku kustati, ukapiga marufuku kudemarer, vizuri sana, na je, uliwahi kumfundisha kuwasha? Sikuona mahali. Ulimwambia alitafute. Amelitafuta, amelipata, na amelitii katika giza la Agosti, maji yakimpasua vidole, siku kumi na nne, kwa gari ambalo anaona unalichukulia kiajabu. Watu wengine wana watoto wanaojua vitenzi vyote na hawajawahi kuwaletea mkate.

Nilikuwa muuguzi miaka ishirini na miwili. Kule hospitalini tuna desturi moja: agizo halihesabiki limetolewa mpaka aliyelipokea amelirudia kwa sauti. "Sista, umesema nusu kidonge?" "Ndiyo, nusu." Hakuna anayeona aibu kurudia, kwa sababu anayerudia halipishwi somo. Destin alikuambia kwa kinywa chake kwa nini hakukuuliza, ukaacha treni ipite. Rudi stesheni ukaingoje. Hiyo ndiyo sentensi ya barua yako yote, na aliisema nusu Kiingereza nusu Kiswahili, na kila neno lilikuwa sahihi.

Unaniuliza unyamaze? La. Ukinyamaza, mwezi ujao mjukuu wako atazaliwa katika nyumba isiyo na vikaratasi, na wewe utakuwa babu anayesalimiwa kwa "Hi". Samaki wa baba yako alikuwa samaki mzuri, na alifasirika kwa sababu wewe na yeye mlikuwa mnasoma kitabu kimoja. Mwanao amelelewa mahali ambapo mtu hata akikanyagwa yeye mguu kwenye treni, yeye ndiye anayesema sorry. Anangoja neno. Mpe neno.

Sasa fanya hivi, na ufanye wiki hii, si baada ya kuyasoma maneno yako mara mbili.

Mpigie simu, usimwandikie. Sema kwa Kiingereza, kile chako, cha darasa la pili. "Destin, I am sorry. I laughed at you, and I hide my own mistake." Atasikia kwamba kitenzi kimekosewa. Usikirudie kukirekebisha. Akikusahihisha, mwambie asante, kisha unyamaze, uone inavyokuwa kukaa upande huo wa dawati. Akikucheka, vizuri zaidi, mtakuwa mmeanza kulingana. Kisha mwulize mikono yake inaendeleaje, na Léonie ampelekee mafuta ya kujipaka. Hayo ndiyo yaende pamoja na samaki, si badala ya maneno.

Jumamosi, mchezo ukianza, omba zamu ya kwanza kabla injini yoyote haijawashwa. Waambie nusu uliyoificha. Simulia kwa dakika nne zile zile, usipunguze hata moja, na uigize lafudhi ya mtu anayestahili kuigizwa: yule mzee aliyemwambia mkewe kwamba baridi huipa Peugeot sauti nzito. Mwache Balagizi akutengenezee kibandiko. Nakuhakikishia atakuwa nacho kabla hujamaliza. Halafu yule wa kwaya aliyeandika "Ndugu Ndoo", mpigie wewe, si Destin, umwambie kibandiko cha zamani kimekwisha muda na kipya kimetoka.

Vikaratasi usiviulizie. Siyo vyako. Kama anataka tena utaviona kwenye video nyuma ya kichwa chake, na ukiona "jokovu" badala ya jokofu, utalitazama hilo jokovu kwa upendo na kufunga mdomo. Asipoomba kusahihishwa, usisahihishe. Akiomba, neno moja kwa siku, na lifuate chai.

Kuhusu betri, kwa kuwa nimeolewa na mwenye Mercedes ya 1983, nina elimu hii bila kuitaka: hiyo betri ni ya kuzikwa, na Léonie ameshaisomea. Weka mpya, na wakati wa baridi ukiona hulitumii gari, chomoa waya wa hasi, mambo ya kumtuma mtu alfajiri yaishe.

Ukishaweka mpya, usiliwashe peke yako. Mwandikie Destin ujumbe ule ule wa kwanza, herufi kwa herufi: "Mwanangu, tafadhali uniwashie gari." Usifafanue. Ushuke na barakoa yako, ukae kiti cha abiria, na ungoje. Akija na mikono mitupu, mpe ufunguo umwonyeshe choki. Lakini akitokea kwenye kona ya jengo ameshika ndoo, usimwambie kitu kuhusu kitenzi, mzee wangu. Amekusamehe. Shuka umshikie sponji.

Wako, Bi Nkatha